Mwamba Usikiao: Uhakiki wa Kanisa la Temppeliaukio la Helsinki na Neno Lililoandikwa Ukutani

1.0 Utangulizi

Makala haya yanahakiki jengo moja tu, nalo ni kanisa la Kilutheri la Temppeliaukio lililoko katika eneo la Töölö jijini Helsinki, nchini Ufini. Kanisa hili limechimbwa ndani ya mwamba, likafunikwa kwa kuba la shaba, na kukamilika mwaka 1969. Msomaji ana haki ya kuuliza ni kwa nini mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili, ambaye tasnifu yake inahusu nyimbo za kwaya, ameacha uwanja wake na kuanza kuhakiki kuta. Nilifika Helsinki kwa shughuli za utafiti, kwa kuwa chuo kikuu cha huko kimefundisha Kiswahili kwa muda mrefu na ndicho kilichoandaa Kopasi ya Kiswahili ya Helsinki, ambayo wengi wetu tumeitumia bila kuwahi kuuona mji ilikoandaliwa. Kanisani nilikwenda kama wageni wengine wanavyokwenda. Nilirudi mara ya pili kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa nimeangalia tu, sikuwa nimesikiliza.

Hoja ninayoitetea ni kwamba Temppeliaukio limesomwa mno kwa macho na kwa uchache mno kwa masikio, na kwamba usomaji huo wa macho umeficha mambo mawili yanayokwenda pamoja. La kwanza ni kwamba ukuta wake mashuhuri uliachwa wazi ili sauti ipate mahali pa kugonga. La pili ni kwamba kabla ya kwaya yoyote kuimba humo, kuta za jengo hilo zilikwisha kuandikwa neno moja la Kiafrika. Sidai kwamba mimi ni mjuzi wa usanifu majengo. Nimetumia vifaa nilivyofundishwa, yaani dhana za fani, maudhui na upokezi, na pale vifaa hivyo viliposhindwa nimesema hivyo.

2.0 Jengo Lenyewe

Jina Temppeliaukio maana yake ni uwanja wa hekalu. Uwanja huo ni kilima cha mwamba kilichozungukwa na majumba ya ghorofa, na mipango ya kujenga kanisa mahali hapo ilianza katika miaka ya 1930. Mashindano yalifanyika na mchoro wa J. S. Sirén ukachaguliwa, lakini kazi ilikuwa bado changa Vita Kuu ya Pili vilipozuka mwaka 1939, ikasimama. Baada ya vita mashindano mapya yalitangazwa, na mwaka 1961 wakashinda ndugu wawili, Timo na Tuomo Suomalainen. Hata hapo ujenzi haukuanza mara moja. Fedha zilikuwa chache, na ukubwa wa ndani ukapunguzwa kwa takriban robo. Mwamba ulianza kuchimbwa Februari 1968, na Septemba 1969 kanisa likawa tayari.

Wazo la ndugu hao lilikuwa kwamba mwamba ubaki, na kanisa liingie ndani yake. Kwa hiyo mtu anayekuja kwa barabara ya Fredrikinkatu haoni mnara wala msalaba mrefu. Anaona mlango mfupi wa zege chini ya rundo la mawe, kama mlango wa ghala. Anwani ya kanisa ni Lutherinkatu, yaani barabara ya Luther, na hiyo ndiyo ishara ya wazi kuliko zote kwamba umefika penyewe. Anayeuliza njia na akashindwa kutamka jina la Kifini, akasema tu kwamba anatafuta kanisa la mwamba, anaweza kuelekezwa pengine kabisa. Kuna eneo liitwalo Kallio, neno ambalo kwa Kifini lina maana ya mwamba, na eneo hilo lina kanisa lake, lililochorwa na Lars Sonck na kukamilika mwaka 1912. Nilikwenda kuliona hilo pia. Limejengwa kwa mawe yaliyopandishwa juu hadi kuwa mnara unaoonekana kutoka mbali, na kengele zake hupiga tuni iliyotungwa na Sibelius. Temppeliaukio halina kengele. Mlio wa kengele unaosikika hapo ni utunzi wa Taneli Kuusisto uliorekodiwa, na hutoka katika vipaza sauti vilivyofungwa ukutani kwa nje.

Ndani, ukumbi una umbo la mviringo usio kamili, kwa kuwa mwamba haukuchongwa ukawa sawa. Juu kuna kuba la shaba lenye kipenyo cha mita 24, na baina ya kuba na mwamba kumepangwa vioo 180 vinavyoingiza mwanga pande zote. Kwa sababu ya vioo hivyo kuba huonekana kana kwamba halikuegemea kitu. Mahali ambapo makanisa mengine huweka picha nyuma ya altare, hapa kuna ufa wa mwamba uliobaki tangu enzi za barafu. Waumini 750 wanaweza kuketi. Kinanda cha filimbi, kazi ya Veikko Virtanen, kina filimbi 3,001.

Maelezo mengi kuhusu kanisa hili huishia katika sifa moja, kwamba limeungana na maumbile. Sifa hiyo naikubali nusu tu. Anayeusogelea ukuta anaona alama za mashimo ya kutobolea, mistari iliyonyooka ambayo haikuletwa na barafu wala mvua. Mahali hapa hapakuwa na pango. Palikuwa na kilima kigumu, na watu wakaingia kwa mashine na baruti, wakatoa mawe, wakaacha nafasi. Ndugu Suomalainen hawakuzificha alama hizo, na katika hilo wao ni wakweli kuliko wanaowasifu. Ukuta unamwonyesha mtazamaji yaliyoupata.

3.0 Ukuta Ulioachwa Wazi

Katika mchoro ulioshinda mwaka 1961, kuta za mwamba hazikuoneshwa zikiwa wazi. Wasanifu walikuwa wamelifikiria jambo hilo, lakini waliona kwamba majaji wangelihesabu kuwa limepita mipaka, wakaliweka kando. Lililobadilisha mambo ni sauti. Paavo Berglund, mwongoza okestra, aliwaeleza aliyoyajua kuhusu kumbi bora za muziki, na mhandisi wa sauti Mauri Parjo akatoa masharti ya namna nyuso za kuta zinavyopaswa kuwa ili sauti isambae vizuri. Ndipo ndugu hao walipogundua kwamba masharti yote yangetimizwa kwa kuuacha mwamba kama ulivyo, bila kuuvika kitu.

Hapa kifaa nilichofundishwa kinapata shida. Katika mafunzo yetu ya uhakiki, tangu kidato cha tano hadi shahada za juu, tumezoea kuigawa kazi ya sanaa katika fani na maudhui, kisha tukaeleza jinsi fani inavyoyabeba maudhui. Mgawanyo huo unachukulia kwamba maudhui yametangulia: msanii ana neno la kusema, anatafuta chombo cha kulisemea. Kwa Temppeliaukio mpangilio ulikuwa mwingine. Sharti la fani lilikuja mbele, na lilikuwa sharti la kiufundi kabisa kuhusu mahali sauti itakapogonga na itakavyorudi. Maudhui ambayo kila mgeni anayasoma leo, yale ya unyenyekevu na kimbilio katika jabali, yalipata nafasi kwa sababu mhandisi aliruhusu. Sisemi kwamba maudhui hayo ni ya uongo, wala kwamba wasanifu hawakuyataka. Ninasema kwamba hayakutosha kuushawishi ukuta ubaki wazi hadi sikio lilipoyaombea ruhusa.

Mtafiti wa nyimbo za kwaya hapaswi kulishangaa jambo hili, ingawa nilishangaa. Kwaya za nyumbani hazianzi na ujumbe. Mwalimu wa kwaya huanza na sauti alizonazo: besi ni wangapi, tena ni wangapi, nani amesafiri, nani ameolewa akahamia usharika mwingine. Wimbo hupangwa kwa koo zilizopo. Sisi wahakiki huja baadaye na kuandika kwamba mtunzi amekusudia kupaza sauti ya besi ili kuashiria uzito wa dhambi, kumbe wiki ile sauti ya tatu alikuwa na mafua.

Ziara yangu ya kwanza ilikuwa siku ya kazi. Nililipa kiingilio mlangoni, nikaingia pamoja na kundi la watalii walioshuka kwenye basi. Kila mtu alinyanyua simu kuelekea kwenye kuba, nami pia. Baada ya muda mfupi kundi likatoka, na kwa dakika chache tukabaki watu wachache mno. Mwanamke mmoja aliyeketi benchi la mbele alikohoa. Kikohozi hicho kilikwenda ukutani na kurudi kikiwa kizima, bila kutawanyika na kuwa kelele kama inavyotokea katika majengo ya zege. Hapo ndipo nilipoitia simu mfukoni.

Ziara ya pili ilikuwa Jumapili, katika ibada. Mahubiri yalikuwa kwa Kifini, lugha nisiyoijua, na hivyo nilijikuta katika hali ambayo mhakiki haipati kwa urahisi: kusikia lugha takatifu ikiwa sauti tupu. Mhubiri hakupaza sauti. Kinanda kilipoanza, filimbi nzito nilizihisi kwenye benchi kabla ya kuzisikia. Waumini waliimba kwa sauti ya kati, kama watu wanaosoma pamoja, na mwamba ukawaongezea kile ambacho wao wenyewe hawakukitoa. Kwa sikio langu lililolelewa na kwaya zenye ngoma na kayamba, uimbaji ule ulikuwa na haya. Lakini nilikiri kwamba ukuta ule ulikuwa ukifanya kazi ambayo kwetu hufanywa na watu sabini.

4.0 Neno Lililoandikwa

Mwaka 1967, katika mhadhara wake wa Konstanz, Hans Robert Jauss alidai kwamba historia ya kazi ya sanaa haikamiliki bila historia ya wale walioipokea, na kwamba kila hadhira huja na upeo wake wa matarajio. Mwaka huohuo vita vya Biafra vilianza nchini Nigeria, na vikaendelea hadi Januari 1970. Picha za watoto waliokondeshwa kwa njaa zilienea katika magazeti na runinga za Ulaya. Kwa hiyo muda wote ambao mwamba wa Töölö ulikuwa ukichimbwa, watu wa Helsinki walikuwa wakiziona picha hizo. Baadhi ya wakazi walilikejeli kanisa jipya kwa kuliita handaki la kumkinga shetani. Wanafunzi wa chama cha Kikristo walikwenda mbali zaidi. Walichukua rangi wakaandika kwenye kuta zake: BIAFRA.

Wahakiki wa majengo wanaolitaja tukio hili hulitaja kama kisa, jambo la pembeni lililotokea kabla ya jengo kuanza maisha yake. Mimi naliona kuwa ndilo tendo la kwanza la upokezi wa jengo hili, tena lililotimia kuliko mengi yaliyofuata. Hawakuandika laana wala hawakuandika kwamba fedha zimeibwa. Waliandika jina la mahali. Kwa herufi sita walimtaka kila mpita njia ahesabu mwenyewe gharama ya uchimbaji na gharama ya chakula. Ushairi wetu una desturi ya mafumbo ambapo anayefumba hutaja kitu kimoja tu na kumwachia msikilizaji kazi iliyobaki. Wanafunzi wale hawakuijua desturi hiyo, lakini walichokifanya kinafanana nayo kabisa.

Hata hivyo, kuna jambo linalonikera katika neno lile. Afrika iliingia katika historia ya kanisa hili ikiwa jina la njaa, na haikuwa na namna nyingine ya kuingia. Walutheri wa Ufini walikuwa wanaifahamu Afrika kwa karibu zaidi ya hapo. Wamisionari wao walifika Ovamboland, katika Namibia ya leo, tangu mwaka 1870, na kufikia 1969 makanisa ya huko yalikuwa na wachungaji, wazee na kwaya. Ukutani hakukuandikwa jina la usharika wala la mwimbaji yeyote kutoka huko. Wanafunzi walikuwa na haki kuhusu njaa, na bado walituandika tukiwa hatuna sauti, juu ya ukuta ambao ungekuja kusifiwa kwa namna unavyoipokea sauti.

Leo rangi ile haipo. Baada ya ibada nilifanya kile ambacho mtafiti hufanya asipoona maandishi: nikatafuta mtu. Mwenyeji wangu alinitambulisha kwa mama mmoja mzee aliyewahi kufanya kazi Tanzania kwa miaka mingi. Nilimsalimu kwa Kiingereza. Akanitazama, akasubiri. Nikaelewa kosa langu, nikasema, "Shikamoo, Mama." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kwa matamshi ya Nyanda za Juu Kusini ambayo sikutarajia kuyasikia katika mji ule.

Nilimuuliza kuhusu neno lililoandikwa. Alisema analikumbuka, na kwamba lilifutwa.

"Uliudhika ulipoliona?" nikauliza.

"Niliudhika, ndiyo. Nilisema hawa ni wahuni. Baadaye nikaambiwa ni wanafunzi Wakristo, vijana wetu wenyewe. Hapo ndipo nikashindwa kulala."

Simnukuu hapa kama ushahidi wa kihistoria, kwani kumbukumbu ya mtu mmoja baada ya zaidi ya nusu karne ina mipaka yake. Namnukuu kwa sababu usomaji wake una kitu ambacho nadharia ya Jauss haikunifundisha kukitafuta. Kilichomnyima usingizi ni kujua kwamba walioandika walikuwa wa ndani. Mtu wa nje akiuandika ukuta, jengo linabaki na kinga yake. Walioandika hapa walikuwa watu ambao wangekuja kubatizia watoto wao humo.

5.0 Mhakiki na Paa Lake

Haingekuwa haki kuuhakiki upokezi wa wengine na kuuficha wangu. Niliingia Temppeliaukio nikiwa tayari upande wa walioandika. Katika usharika niliokulia, ambao sitautaja, nilikuwa katibu wa kamati ya ujenzi wakati kuta zilipofika usawa wa linta. Tulijenga kwa ahadi, kwa harambee, na kwa mnada wa mazao baada ya ibada, ambapo kuku mmoja huweza kununuliwa na kurudishwa mara tatu ili fedha iongezeke. Mwaka mmoja mvua hazikunyesha na mahindi yakakauka. Nilipendekeza fedha za paa zinunue chakula kwanza. Wazee walinisikiliza kwa heshima, wakaomba, wakanunua bati. Yapo maneno niliyoyasema siku ile ambayo bado nasimama nayo, na yapo ambayo kijana hakupaswa kuwaambia wazee. Kwa miaka kadhaa niliingia chini ya paa lile nikihesabu bati badala ya kuimba.

Kwa hiyo nilipoketi chini ya shaba ile ya Helsinki nilitegemea kuhesabu tena, na nilihesabu. Nilianza na vioo. Kisha kinanda kikaingia, nikapoteza hesabu mahali fulani baada ya arobaini, na sikurudia. Nimejaribu kuandika aya hii bila kutaja jambo hilo, lakini bila hilo tathmini yangu ingekuwa ya mtu mwingine. Temppeliaukio ni kazi kubwa ya sanaa. Ukuta wake unastahili sifa zote unazopewa na nyingine ambazo haujapewa. Swali la wanafunzi wale halijajibiwa na uzuri huo, na sioni namna ambavyo linaweza kujibiwa na ukuta wowote. Ila nimeacha kuamini kwamba mwenye kuuliza swali hilo lazima ajinyime kusikia. Wale waliopaka rangi, kama wangali hai, huenda nao walikuja kuketi humo siku moja na kuimba.

Mama yule alinisindikiza hadi kituo cha tramu. Nilimweleza kuhusu kamati, bati na wazee. Hakuniambia ni nani aliyekuwa na haki. Aliuliza tu paa lilikamilika lini, na kama tuliweka dari chini yake.

"Hapana, Mama. Fedha ziliishia kwenye bati."

"Sasa mvua ikinyesha mnasikia mahubiri?"

"Hatusikii. Mchungaji hunyamaza, anasubiri ipite."

"Na kwaya?"

"Kwaya huendelea," nikamwambia. "Huimba kwa nguvu zaidi."

Tramu ilikuwa imefika. Akaniambia nikifika nyumbani nirekodi wimbo mmoja mvua ikiwa inanyesha, nimtumie.